Upatu, kikoba, halmashauri au kausha damu: mtaji upi unaendana na biashara yako?

Jumamosi moja, tukiwa tumeshafunga sanduku la kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, binti wa jirani alinisubiri nje ya baraza tunapokutania. Alikuwa na daftari, kurasa nne zimejaa hesabu. Anataka kufuga kuku wa nyama 200, na hesabu yake inadai shilingi 1,260,000.

"Shikamoo dada. Nina swali moja tu. Wapi riba iko chini?"

Nilimwambia swali lake ni zuri, ila ni la pili. La kwanza ni hili: hela ikitoka mkononi mwako leo, inarudi baada ya siku ngapi?

Huu ni mwaka wa saba niko katibu wa kikoba huku Mbagala, Dar es Salaam, na nimeona mitaji ikikata kwa wachapakazi kabisa, watu wanaoamka saa tisa usiku. Mara nyingi sana rejesho lilibisha hodi kabla hela ya biashara haijarudi nyumbani. Kwa hiyo nitalinganisha vyanzo vya mtaji vinavyopatikana mitaani kwetu kwa kipimo hicho kwanza, riba baadaye. Bei nilizotumia ni za mfano. Weka za kwako.

Sufuria ya mama lishe na banda la kuku

Chukua mama lishe anayeuza sahani 40 kwa siku, kila moja 2,000. Mauzo ni 80,000. Mchele kilo 6 ni 16,800, maharage kilo 2 ni 6,000, nyama na dagaa 16,000, mafuta na viungo na mboga 9,000, mkaa 5,000, maji 1,200, msaidizi 6,000. Jumla 60,000. Inabaki 20,000, lakini kibanda kina kodi na kuna hela ya usafi, tuseme 3,000 kwa siku. Faida halisi ni 17,000. Wengi wanaishia kwenye ile 20,000 wakadhani ndiyo faida, mwisho wa mwezi kodi inawashangaza.

Kinachonivutia hapa ni mwendo wa hela. Imetoka sokoni alfajiri, saa kumi jioni imerudi yote mkononi, na kesho inatoka tena. Mtaji wa 60,000 unazunguka mara 26 kwa mwezi.

Sasa kuku 200 wa yule binti. Vifaranga kwa 1,600 kila kimoja ni 320,000. Chakula, kuku mmoja hula kama kilo 3 hadi wiki ya tano, kwa hiyo kilo 600, mifuko 12 ya kilo 50, kwa 70,000 ni 840,000. Chanjo, dawa, maranda na mkaa wa kulelea vifaranga 100,000. Hiyo ndiyo 1,260,000 yake. Wakifa 10, akauza 190 kwa 7,500, anapata 1,425,000. Faida ni 165,000, na kwa wiki tano za kwanza haingii hata shilingi moja.

Biashara zote mbili ni halali na zote zinalipa. Lakini mkopo unaomfaa mmoja unaweza kumzika mwenzake.

Mkopo wa kila siku, au kausha damu

Hii ndiyo rahisi kupata. Unajaza fomu asubuhi, jioni hela iko mkononi, dhamana ni friji, televisheni au shoga yako anayekusainia. Tuseme unakopa 200,000, unarejesha 9,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 270,000. Ukienda kuchukua, wanakata 15,000 ya fomu na "bima", unaondoka na 185,000. Umelipa 85,000 kutumia hela hiyo mwezi mmoja.

Tena hukuitumia mwezi mzima. Siku ya 15 umesharudisha 135,000, lakini riba uliyokubali ilipigwa kana kwamba 200,000 zote ziko kwako mpaka siku ya mwisho. Hapo ndipo damu inapokauka, na kwenye fomu huwezi kupaona.

Mama lishe wetu anaweza kubeba rejesho hilo? Kwenye 17,000 anabaki na 8,000 ya nyumbani, ada, nauli na dawa. Siku moja ya mvua za masika anauza sahani 15 na chakula cha 40 kimeshapikwa. Siku mbili za namna hiyo anaingia kwenye mtaji. Wiki ikiisha anakopa kwa mwingine amlipe huyu. Nilimshuhudia mama mmoja wa kikundi chetu akibebewa mpaka mtungi wa gesi. Mkopo ulikuwa wa shoga yake, yeye alisaini tu.

Sitaki kusema kwamba hakuna anayefaa kuuchukua. Kama mama lishe ana wateja 15 wa uhakika anaowakosa kila siku kwa sababu chakula kinaisha, kila sahani ya nyongeza inamwachia kama 650 baada ya chakula, mkaa na maji. Sahani 15 ni karibu 10,000 kwa siku, na rejesho ni 9,000. Hapo mkopo unalipwa na wateja wapya, na akishaumaliza anabaki na ongezeko lake. Lakini wateja hao wawe amewahesabu kwa macho yake, wiki nzima, wakigeuka na kuondoka. Wale wa "naamini watakuja" wasiingie kwenye hesabu.

Kwa mfuga kuku, hapana kabisa. Akichukua 1,000,000 ya kurejesha 160,000 kila wiki kwa wiki 8, rejesho la kwanza linafika vifaranga vikiwa na siku saba. Mpaka wiki ya tano atakuwa amedaiwa 800,000 na hajauza kuku hata mmoja. Atatoa wapi? Kwenye hela ya chakula. Kuku watadumaa, atawauza wadogo kwa bei ya kutupa. Hata muujiza ukitokea akalipa kila wiki, riba ya 280,000 imezidi faida nzima ya 165,000. Amewafugia wengine.

Kabla hujasaini popote, uliza maswali mawili tu na uandike majibu: mkononi napata ngapi, na jumla narudisha ngapi? Anayekwepa kukujibu kwa tarakimu, muage. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma kwenye madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za watu, wako daraja la pili. Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 ni 7,000 kwa mwezi. Linganisha na ile 70,000 unayorudisha juu ya 200,000 kwenye kausha damu. Kwa hiyo unayo haki ya kuomba kuona leseni, na kuuliza riba hiyo inatoka wapi.

Upatu na kikoba

Watu huvichanganya kwa sababu vyote ni vya kukaa pamoja na kuchanga. Kibiashara ni vitu viwili tofauti.

Upatu, au mchezo, hauna riba na hauna mkopo. Mko 12, kila mmoja anatoa 25,000 kwa wiki, kijumbe anakusanya, kila wiki mmoja anabeba 300,000. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa bure na wenzake 11. Anayepokea wa mwisho amejiwekea akiba, basi. Kwa hiyo namba yako ndiyo kila kitu. Kama unajua cherehani unaitaka mwezi wa sita, omba namba inayoangukia mwezi wa sita, na mwambie kijumbe sababu. Kijumbe mzuri husikiliza.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, mtu akishabeba anaweza kupotea, na hapo ulinzi wenu ni kufahamiana tu, kujua anakoishi na mama yake anakoishi. Pili, mchango wa wiki hauangalii kama biashara yako imelipa. Upatu unataka uwe na kipato kingine kinachoingia kila wiki, hata kidogo. Na ukisikia mchezo unaoahidi utavuna zaidi ya mlichochanga wote, huo si upatu. Waliopanda "mbegu" zao DECI, ule mchezo ulioahidi kuzalisha hela, mpaka ikaanguka mwaka 2009 wanaelewa ninachosema.

Kikoba kinafanana zaidi na benki yenu wenyewe. Mfumo huu ulianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Unanunua hisa kila wiki, na hisa zako ndizo zinazokupa haki ya kukopa. Kwetu hisa ni 5,000 na mwisho ni hisa tano kwa kikao. Mtu akinunua hisa tatu kwa wiki 10 ana 150,000, na anaweza kukopa mpaka mara tatu, yaani 450,000. Anarejesha ndani ya miezi mitatu na riba ya asilimia 10, yaani 45,000.

Riba hiyo ndiyo tofauti kubwa. Haiendi kwa tajiri wa mtu. Inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na siku ya kuvunja kikoba inagawanywa kwa hisa. Kwa hiyo sehemu ya riba uliyolipa inarudi kwako. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Watu huuona mdogo, mimi nauona ni ulinzi wa mtaji kuliko kitu kingine. Mitaji mingi niliyoona ikifa, ilifia hospitali.

Kikoba nacho kina majira, na hapa wengi hujikwaa. Miezi ya kwanza sanduku ni jepesi, hakuna cha kukopesha. Miezi miwili ya mwisho mikopo inafungwa ili madeni yalipwe kabla ya kuvunja. Sisi tunavunja Desemba, kama vikundi vingi, kwa ajili ya sikukuu na ada za Januari. Maana yake mkopo wa maana unapatikana kati ya Aprili na Septemba. Ukijiunga Oktoba ukitegemea kukopa Novemba, umechelewa basi. Na aliyeingia kikundini kwa ajili ya mkopo tu huonekana. Hanunui hisa ila moja moja, na siku ya kikao ana udhuru.

Mkopo wa halmashauri: hauna riba, una foleni

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sharti la sheria tangu 2018. Mwaka 2023 serikali iliusimamisha kwa sababu ya fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya.

Ukipima kwa riba, hakuna kinachoushinda. Pima sasa kwa muda. Kwa kawaida lazima muwe kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, mihtasari ya vikao, akaunti ya benki na andiko la mradi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuja kuangalia kama mradi upo kweli. Hayo ni mambo ya miezi, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ni mingapi.

Kwa hiyo usiuwekee biashara ambayo nafasi yake inapita, kama kununua mahindi wakati wa mavuno. Ununulie kitu kitakachokaa: mashine ya kukoboa, jokofu, tenki la maji, mashine za kushonea sare za shule. Tena muwe mnafanya kazi pamoja tayari. Nimeona kikundi kilichoundwa kwa ajili ya fomu; hela ilipofika waligawana, kila mtu na njia yake. Wawili wakakwama, watatu waliobaki wakalipa deni la watano.

Hela ya kwenye simu

Hapa sitakaa sana. Mikopo ya simu inafaa kutumika kama msaada wa dharura. Umeishiwa 30,000 ya mchele na jioni utauza, kopa, lipa kesho yake. Ukiitegemea kila asubuhi, maana yake biashara haina mtaji wa kuzungusha, na ada zake ndogondogo zinakula faida usiyoiona.

Mfano wa Kenya unaonyesha vizuri habari yangu ya muda. Hustler Fund, mfuko wa serikali unaokopesha kwa simu, ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ni bei nzuri mno. Shilingi 1,000 ya Kenya kwa siku 14 inagharimu kama shilingi 3. Lakini mkopo ule binafsi ulikuwa wa siku 14. Mama mboga anayenunua nyanya alfajiri na kuzimaliza jioni anaweza kuuzungusha mara kumi na akalipa. Mfuga kuku siku ya 14 bado ana vifaranga kwenye maranda. Riba nafuu kabisa, na bado haumfai.

Na programu za mikopo unazopakua ukiwa umelala, angalia kwanza ni za nani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Wengine wanachukua namba zote za kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanampigia mkwe wako.

Mali kauli

Chanzo hiki hakimo kwenye fomu yoyote, na kwa anayeanza naona ndicho bora kuliko vyote. Unachukua mzigo kwa mwenye duka la jumla, unauza, unampelekea hela yake, unabaki na cha juu. Kauli yako ndiyo dhamana. Muda wa kulipa mnapatana nyinyi wenyewe, kwa hiyo unaweza kuufananisha na mauzo yako halisi.

Gharama yake imejificha kwenye bei. Mzigo wa taslimu ni 50,000, wa kauli anakupa kwa 54,000. Hiyo 4,000 ndiyo riba. Ukiuza ndani ya siku tatu si mbaya, kwani hukuwa na hiyo 50,000. Ukikaa nao mwezi, na bidhaa imeanza kupauka juani, ni hadithi nyingine.

Hupewi siku ya kwanza, kwa kweli. Unanunua taslimu kidogo kidogo duka hilohilo, mwezi, miezi miwili, anakujua sura. Siku ya kwanza akikukopesha, mrudishie kabla ya muda mliopatana hata kama hujamaliza kuuza. Najua mchuuzi wa vyombo vya plastiki aliyeanza na mabeseni matano. Leo anabebeshwa mzigo wa toroli zima, na hajawahi kusaini karatasi.

Nilivyomjibu binti wa kuku

Tulirudi kwenye daftari lake. Nilimwonyesha kitu ambacho hakukiona kwenye hesabu yake mwenyewe: hela yote haitakiwi siku ya kwanza. Kuku wa nyama wakiwa wadogo wanadonoa tu. Kwa wiki mbili za mwanzo kuku 200 wanamaliza mifuko kama miwili. Wiki ya tatu miwili na kidogo. Wiki mbili za mwisho ndizo zinazokula, karibu mifuko minane. Kwa hiyo anahitaji 560,000 kuanza, kama 150,000 wiki ya tatu, na nyingine inayokaribia 560,000 ifikapo wiki ya nne. Mtu mwenye hisa kikobani na namba ya upatu inayoangukia wiki ya nne anaweza kuunganisha vyote viwili na asiguse mkopo wa wiki hata mmoja.

Yeye hakuwa na hisa, wala hakuwahi kulea kifaranga. Alikuwa na kazi ya ususi inayompa chochote kila siku. Nikamuuliza kwa nini 200.

"Nimeona wenzangu wanaanza na 200, dada."

Kuku 50 ni robo ya hesabu yote, 315,000. Ususi unaweza kulipa mchango wa upatu wa 25,000 kwa wiki bila kugusa banda. Aliomba kijumbe namba ya tatu, akaipata, akaongezea 15,000 yake.

Wiki ya kwanza walikufa wanne. Mkaa uliisha usiku, akalala, wakabanana kwenye kona wakikimbia baridi. Aliuza 46 kwa 7,500, akapata 345,000. Faida 30,000 kwa wiki sita. Alikuja kuniambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Nilimwomba afungue ukurasa mpya, achore mistari miwili, upande mmoja siku hela ilipotoka, upande wa pili siku iliporudi. Amejaza mwenyewe: vifaranga, siku 38. Mfuko wa mwisho wa chakula, siku 6. Alinyamaza akiangalia ile 6. Kisha akauliza kama yule muuza chakula wa kona, ambaye sasa anamfahamu, anaweza kumpa mifuko miwili ya mwisho kwa mali kauli, amlipe kuku wakiuzwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na 15,000. Hisa tatu.